Karatasi, Scratch, Python au C: mwanagenzi wa algorithimu aanzie wapi?

Wanaotaka kumfundisha mtu kutatua matatizo kwa kompyuta huanza kwa kubishania lugha ya kuandikia programu. Python ni nyepesi, C inajenga msingi, Scratch ni ya watoto, na kadhalika. Ubishi huo hauishi kwa sababu kila mmoja anapima kitu chake: huyu anapima wepesi wa kuandika, yule anapima ajira, na mwingine anatetea namna alivyofundishwa yeye.

Kwa mtu anayeanza kabisa, mimi natumia kipimo kimoja. Mwanafunzi akikosea kufikiri, kosa lake linamrudia kwa sura gani? Njia moja itamwekea kosa hilo mbele ya macho. Nyingine itamkemea kwa alama aliyosahau mwishoni mwa mstari, huku kosa la mawazo likipita bila kuguswa. Nyingine itampa jibu sahihi kabla hajafikiri chochote. Mtu hujifunza algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua tatizo, pale anapokutana na kosa la mawazo yake mwenyewe, akalielewa, akalirekebisha. Chochote kinachouchelewesha mkutano huo kinamchelewesha na yeye.

Nitalinganisha njia nne: kadi na karatasi bila kompyuta, vipande vya kuburuta kama vya Scratch, Python, na C. Zote nitazipitisha kwenye swali moja ili tofauti zionekane zenyewe.

Swali la kupimia

Umepewa orodha ya namba. Tafuta ya pili kwa ukubwa.

Ni swali dogo lililojaa mambo. Mwonyeshe mtu 4, 9, 7 na atakujibu "saba" kabla hujamaliza kuuliza, maana jicho huziona zote tatu kwa mara moja. Kompyuta haina jicho hilo. Inashika namba moja, kisha inayofuata, na ambayo haikuhifadhiwa imepotea. Kwa hiyo mwanagenzi analazimika kujiuliza jambo ambalo pengine hajawahi kujiuliza: nikiwa katikati ya orodha, ninahitaji kukumbuka nini hasa?

Wengi hutambua upesi kwamba vinahitajika vitu viwili, iliyo kubwa kuliko zote na ya pili yake. Kisha huandika kitu cha namna hii. Nimekiweka kwa Python kwa sababu ni kifupi:

```
kubwa = 0
pili = 0
for n in namba:
    if n > kubwa:
        kubwa = n
    elif n > pili:
        pili = n
```

Ijaribu kwa 4, 9, 7. Nne inazidi sifuri, `kubwa` inakuwa 4. Tisa inazidi 4, `kubwa` inakuwa 9. Saba haizidi 9, lakini inazidi `pili` ambayo bado ni 0, basi `pili` inakuwa 7. Jibu ni sahihi na mwanafunzi amefurahi. Sasa mpe 4, 7, 9. `kubwa` inakuwa 4, kisha 7, kisha 9, na `pili` inabaki 0 mpaka mwisho. Namba ni zilezile kwa mpangilio tofauti, na jibu limeharibika.

Kilichotokea ni kwamba namba mpya ilipochukua nafasi ya kwanza, iliyokuwa hapo ilitupwa, wakati ilipaswa kushuka hadi nafasi ya pili. Mstari `pili = kubwa` unatakiwa uje kabla ya `kubwa = n`. Mwanafunzi akiuweka baada yake, linazaliwa kosa jipya: vigeu vyote viwili (majina yanayohifadhi thamani, yaani `kubwa` na `pili`) vinabeba namba moja. Halafu kuna zile sifuri za mwanzo. Orodha ya -5, -2, -8 italeta sifuri na sifuri, namba ambayo haimo kabisa kwenye orodha. Na kuna 9, 9, 4. Ya pili ni 9 au ni 4? Hapo hakuna programu ya kukusaidia. Lazima aliyeuliza aseme anachotaka.

Mpangilio wa hatua, thamani ya kuanzia, orodha zisizo za kawaida, maana ya swali lenyewe: hilo ndilo somo. Sasa tuone kila njia inalifikishaje.

Kadi na karatasi

Njia hii ina historia ya heshima. Nyenzo za CS Unplugged, zilizoanza miaka ya 1990 kwa kazi ya Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows, zinafundisha mambo mazito ya sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na chaki. Katika zoezi lao moja wanafunzi hutembea juu ya mchoro uliochorwa chini. Wanakutana wawiliwawili kwenye duara, wanalinganisha namba walizoshika, mwenye kubwa anafuata njia ya upande mmoja na mwenye ndogo ya upande mwingine, na wakifika mwisho wa mchoro wamekwisha kujipanga. Wamepita ndani ya algorithimu kwa miguu yao.

Kwa swali letu, laza kadi kifudifudi na uweke nafasi mbili tu mezani. Kadi inafunuliwa moja baada ya nyingine. Mwanafunzi akipewa 4, 7, 9, tazama mkono wake 9 inapofunuliwa: ataiondoa 7 nafasi ya kwanza, ataisogeza ya pili, kisha ataiweka 9. Mkono unafanya sawasawa kile ambacho programu ya hapo juu ilisahau.

Hapo pana nguvu na hatari kwa pamoja, kwa sababu mkono hurekebisha mambo bila akili kuwa na habari. Mwanafunzi atapata jibu sahihi na bado hataweza kukuambia alichokifanya. Dawa yake ni kuwagawa wawili. Mmoja anatoa amri bila kugusa kadi, mwingine anatekeleza neno kwa neno wala haongezi chochote kwa hiari yake. Amri ikiwa "weka tisa nafasi ya kwanza", mtekelezaji anaiweka juu ya saba, na saba inafunikwa. Wote wawili wameona namba ikipotea. Sijui njia ya haraka kuliko hiyo ya kumfanya mtu aelewe kwamba kuandika thamani mpya kwenye kigeu ni kuifuta ya zamani.

Karatasi ina mipaka yake. Inategemea kuwepo kwa mtekelezaji mkali; akiwa mpole, makosa yote yanasamehewa. Pia haiwezi kumfanya mtu ahisi algorithimu iliyo nzito. Kutafuta kama kuna namba iliyojirudia kwa kulinganisha kila jozi katika namba 10,000 kunaweza kudai ulinganisho 49,995,000, na hakuna atakayekaa mezani kufanya hivyo. Upande wa pili unafundishika vizuri kwa karatasi, yaani algorithimu nyepesi: katika orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kialfabeti, kugawa nusu kwa nusu hufikisha jibu kwa kutazama majina yasiyozidi 10, na katika 1,000,000 hayazidi 20. Mwanafunzi anaweza kufanya zoezi hilo la 1,000 kwa penseli na kushangaa mwenyewe.

Kwa hukumu yangu, karatasi haishindani na zile tatu nyingine. Ni hatua ambayo hakuna anayepaswa kuirukishwa, mtu mzima akiwemo, ila haitoshi peke yake.

Scratch na wenzake

Scratch ilitolewa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika MIT Media Lab. Ukoo wake unarudi hadi lugha ya Logo ya mwaka 1967, kazi ya Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, ambao walitaka mtoto aitawale kompyuta na kufikiri kwa kuitumia. Programu inaundwa kwa kuburuta vipande na kuvibananisha. Kipande cha sharti kina umbo la pembe sita na kinaingia tu kwenye tundu la umbo hilo. Huwezi kukosea tahajia, huwezi kusahau mabano. Makosa yanayobaki karibu yote ni ya kufikiri, na kwa kipimo changu hilo ni jambo kubwa sana.

La pili ni kwamba vigeu vinaonekana. Thamani zake zinakaa kwenye skrini na kubadilika wakati programu inaendeshwa. Ongeza kipande cha kusubiri sekunde moja ndani ya mzunguko (sehemu inayorudiwa kwa kila namba), mpe 4, 7, 9, kisha nyamaza. Mwanafunzi ataona `kubwa` ikipanda 4, 7, 9 na `pili` ikiwa imeganda kwenye 0. Mara nyingi hata hutahitaji kuuliza swali.

Kuna tabia moja ya Scratch ambayo walimu huiona kama kero, nami naiona kama zawadi. Kigeu hakijifuti programu inapoanzishwa upya. Mwanafunzi ambaye hakuandika kipande cha kuweka thamani za mwanzo ataendesha 4, 9, 7 na kupata 9 na 7 vizuri kabisa. Atabadilisha orodha iwe 3, 1, 2, aendeshe tena, na bado atapata 9 na 7, kwa kuwa hakuna namba mpya inayozidi mabaki ya mara iliyopita. Baada ya hapo hatasahau tena kwamba kila kigeu lazima kipewe mahali pa kuanzia.

Udhaifu unaanza programu zikirefuka. Katika Scratch rasmi, kipande unachojitengenezea hakirudishi thamani. Huwezi kutengeneza "kubwa kati ya a na b" kisha ukaitumia ndani ya hesabu nyingine kama ufanyavyo kwa funksheni, kipande cha programu chenye jina kinachorudisha jibu. Mazoea ya kuligawa tatizo kubwa katika vipande vidogo vinavyopeana majibu, ambayo ni nusu ya ufundi huu, hayapati pa kukulia. (Snap!, ndugu yake aliyeendelezwa na watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ameziba pengo hilo na anastahili kujulikana zaidi ya anavyojulikana.) Pia michoro na sauti huwavuta wanafunzi. Kipindi kilichopangwa kuwa cha algorithimu kinaishia kwenye kubadilisha mavazi ya paka, kikaragosi cha Scratch. Hiyo ni furaha halali, lakini mwalimu ajue ni somo jingine.

Na watu wazima wengi hujisikia wamepewa kitu cha watoto. Ukiona mtu amekunja uso kwenye kipindi cha kwanza, usimlazimishe. Aliyeudhika hatazami vigeu vyake.

Python

Guido van Rossum aliitoa Python mwaka 1991. Kabla yake alifanya kazi kwenye ABC, lugha iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, kwa ajili ya watu wasio mabingwa wa kompyuta, na damu hiyo bado inaonekana. Mstari mmoja ni programu kamili. Kujongeza mistari ndani ni lazima, kwa hiyo umbo la programu kwenye ukurasa ndilo umbo lake halisi. Namba nzima hazina kikomo cha ukubwa zaidi ya kumbukumbu ya kompyuta. Ukitumia kigeu ambacho hujakipa thamani, inasimama na kukitaja kwa jina. Ukiandika alama moja ya usawa (ya kuweka thamani) ndani ya `if` ulipotaka mbili (za kulinganisha), inakataa papo hapo.

Ila kuna mitego miwili ambayo mwalimu lazima aijue kabla ya kuingia darasani.

Wa kwanza unatoka kwenye `input()`, amri ya kusoma kinachoandikwa kwenye kibodi, ambayo hurudisha maandishi hata mtu akiwa ameandika tarakimu. Mwanafunzi aliyeanza na `kubwa = 0` ataonywa: Python 3 inakataa kulinganisha maandishi na namba. Sasa mchukue mwanafunzi yule mwangalifu, aliyejifunza kutokana na -5, -2, -8 kwamba ni salama zaidi kuanzia na namba ya kwanza ya orodha. Kwake pande zote mbili ni maandishi, hakuna onyo, na programu inamwambia 9 ni kubwa kuliko 10, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi na "9" inakuja baada ya "1". Aliyefikiri vizuri zaidi ndiye anayeadhibiwa kimyakimya. Mwanzoni wape orodha iliyokwisha andikwa ndani ya programu, na kusoma kutoka kwenye kibodi kuje baadaye.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni huu:

```
sorted(namba)[-2]
```

Mstari mmoja unaopanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya pili kutoka mwisho, na swali limekwisha. Kwa 4, 7, 9 unaleta 7, kwa -5, -2, -8 unaleta -5, yote sahihi. Mtu aliye kazini anapaswa kuandika hivyo na kuendelea na shughuli zake. Mwanagenzi akiuandika, hakuna hata jambo moja kati ya yale tuliyoyaorodhesha alilogusa. Hakukumbuka kitu katikati ya orodha, hakupanga hatua, hakuchagua pa kuanzia. Na akipewa 9, 9, 4 atajibu 9 bila kujua kwamba hapo palikuwa na swali la kuuliza.

Msimamo wangu ni kuizuia wazi katika wiki za mwanzo: hakuna `sorted`, hakuna `max` (inayotoa kubwa kuliko zote), na sababu inatajwa. Baadaye irudishe kwa swali: mstari huu unapanga orodha nzima ili kuchukua namba moja, njia yetu inapita orodha mara moja tu, orodha ikiwa ndefu sana, ipi itafanya kazi kidogo? Mwanafunzi aliyeandika njia ndefu kwa mkono wake anakuwa na la kusema. Aliyeanza na mkato hana.

Python pia huficha mwendo wa ndani. Kinachoonekana ni jibu la mwisho. Dawa ipo na ni ya bure: Python Tutor ya Philip Guo huonyesha hatua kwa hatua mstari unaotekelezwa na thamani ya kila kigeu, na Thonny, iliyotoka Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, hufanya kazi kama hiyo kwenye kompyuta yako bila intaneti. Ukifundisha Python bila kitu cha aina hiyo, umeacha mezani faida kubwa kuliko zote iliyokuwa nayo Scratch. Kwangu hili lina uzito kuliko kitabu utakachochagua.

C, na lugha nyingine chache

C ilitengenezwa na Dennis Ritchie katika Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na muda si mrefu mfumo wa uendeshaji wa Unix ukaandikwa upya kwayo. Ilikuwa zana ya mafundi waliojua wanachokitaka, na inamwamini mtumiaji wake kama fundi. Wanaoitetea kwa wanaoanza husema inamfunulia mtu kumbukumbu ya kompyuta ilivyo. Ni kweli. Aliyepitia C anajua safu (thamani zilizopangwa mfululizo kwenye kumbukumbu) ni nini na kwa nini kufikia kipengele chake cha elfu hakuchukui muda zaidi ya kufikia cha kwanza.

Lakini lipeleke swali letu huko. Kabla ya kufikiri lolote kuhusu ya pili kwa ukubwa, mwanagenzi anatakiwa kuamua aina ya kila kigeu, kukadiria ukubwa wa safu, na kukumbuka alama ya `&` ndani ya `scanf`, amri ya kusoma data. Akitangaza `int kubwa;` (kigeu cha namba nzima) ndani ya funksheni bila kuipa thamani, ndani yake mna chochote kilichokuwapo kwenye kumbukumbu. Wakati mwingine ni 0, programu inafanya kazi nyumbani kwake na kuharibika kwa mwenzake. Akipita mwisho wa safu, C haimkatazi. Akiandika `if (n = 5)`, inapita, pengine kwa onyo tu. Kwenye kompyuta nyingi `int` inaishia 2,147,483,647, na jumla inayovuka hapo inaharibika bila taarifa.

Tatizo langu na C kwa anayeanza si ugumu. Ni kwamba kosa la mpango na kosa la ufundi wa lugha vinarudi vimevaa uso mmoja: jibu la ajabu, au programu inayokufa bila maelezo. Mwanafunzi hawezi kujua kama alifikiri vibaya au aliandika vibaya, na asiyejua hilo huanza kubahatisha, akibadilisha hiki na kile hadi kitu kikubali.

Kama lugha ya pili, C ni mwalimu bora, na C++, lugha iliyotokana nayo, haikwepeki kwa anayelenga mashindano ya kuandika programu. Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki imekuwapo tangu 1989, ilipofanyika Bulgaria kwa mara ya kwanza, na maswali ya aina ile huipa programu sekunde chache tu za kuendeshwa. Kwa mizunguko mirefu ya hesabu, Python ya kawaida huachwa nyuma kwa makumi ya mara.

Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, ilibuniwa kwa ajili ya kufundishia na bado ni safi. Kama mwalimu anaimudu, hakuna ubaya. Java kwa mtindo wake wa kawaida inadai mtu aandike mambo ambayo hataelezwa maana yake kwa wiki kadhaa, na mimi sipendi kumzoeza mwanagenzi kunakili asichokielewa.

Kosa lilelile, nyuso nne

| Kosa | Kadi | Scratch | Python | C |
|---|---|---|---|---|
| Kusahau kuishusha iliyokuwa ya kwanza | kadi inafunikwa, wote wanaona | `pili` inaganda kwenye skrini | jibu baya mwishoni, au unaona ukipitia hatua kwa hatua | jibu baya mwishoni |
| Kutoweka thamani ya kuanzia | nafasi tupu mezani | mabaki ya mara iliyopita | inasimama na kutaja kigeu | chochote kilichokuwapo, wakati mwingine 0 |
| Kusahau alama | halipo | halipo | inasimama na kutaja mstari | kompaila (programu inayotafsiri C kwa kompyuta) inalalamika, pengine kwa mstari usiohusika |

Ukurasa mtupu au mfano uliokwisha tatuliwa?

Kuna uchaguzi wa pili ambao watu huusahau wakishamaliza kubishania lugha, nao pengine una athari kubwa zaidi. Unampa mwanafunzi swali na ukurasa mtupu, au unampa suluhisho alisome kwanza?

Mimi niko upande wa mifano, kwa anayeanza. Tangu kazi za John Sweller za mwaka 1988 kuhusu mzigo wa akili, imeonekana mara nyingi kwamba mtu asiye na uzoefu akiachwa atafute njia mwenyewe, nguvu zake zote huishia kwenye kutafuta na hazibaki za kujifunza. Mfano uliotatuliwa unampunguzia mzigo huo. Utaratibu wa PRIMM uliotungwa na Sue Sentance na wenzake unaanza hivyohivyo: mwanafunzi anatabiri programu itafanya nini, anaiendesha, anaichunguza, anaibadilisha, na mwisho anatengeneza yake. Hatua ya kutabiri ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anayetakiwa kuandika utabiri wake kabla ya kubonyeza kitufe hawezi kusoma kwa juujuu.

Kati ya mfano kamili na ukurasa mtupu kuna daraja zuri, mafumbo ya Parsons, yaliyoelezwa na Dale Parsons na Patricia Haden mwaka 2006. Mwanafunzi anapewa mistari yote ya programu ikiwa imechanganywa, kazi yake ni kuipanga. Kwa swali letu, mpe `pili = kubwa` na `kubwa = n` kwenye vipande viwili vya karatasi na umwambie achague ipi itangulie, kisha aeleze kwa nini. Mafumbo haya yanafanyika bila kompyuta, na yanakwenda moja kwa moja mahali penye ugumu. Wakizoea, ondoa mstari mmoja wauandike wenyewe, halafu miwili, mpaka ukurasa uwe mtupu. Usiache kuiondoa mistari, maana wapo wanaosoma programu za wengine kwa ufasaha na kuganda wakiambiwa waanze yao.

Kuhusu mitambo inayosahihisha yenyewe, ile inayopokea programu na kuijaribu kwa data iliyofichwa: inafundisha nidhamu, kwa sababu haisamehi -5, -2, -8. Ila ikijibu "si sahihi" bila kusema wapi, wanaoanza hutuma tena na tena wakikisia. Ninachopendelea ni wanafunzi watungiane data za majaribio kabla ya kuandika programu, kila mmoja akijitahidi kutunga orodha itakayomwangusha mwenzake. Anayetafuta orodha ya kuangusha ataifikia 9, 9, 4 mwenyewe, na orodha yenye namba moja, na isiyo na kitu.

Akili unde sasa inaandika jibu la swali kama hili kwa sekunde. Haina haja ya kupigwa marufuku moja kwa moja. Ni hodari kufafanua ujumbe wa hitilafu, na hapo inaokoa muda. Kuandika suluhisho la kwanza kwa niaba ya mwanagenzi ni kumfanyia kilekile alichofanyiwa na `sorted`.

Kwa hiyo umchagulie nani nini

Mtoto wa shule ya msingi: kadi, kisha Scratch, na ukae humo muda mrefu bila haraka ya kuhamia kwenye maandishi. Dalili kwamba amekuwa tayari ni pale anapoanza kulalamika kwamba vipande vimekuwa vingi mno.

Kijana au mtu mzima mwenye kompyuta: kadi kwa kipindi cha kwanza au viwili, halafu Python pamoja na kipitisha-hatua (Python Tutor au Thonny), bila mikato. Scratch aipate tu akipenda.

Darasa kubwa lenye kompyuta chache halipaswi kusubiri vifaa. Kadi, watoa amri na watekelezaji, na mafumbo ya Parsons kwenye vipande vya karatasi vinabeba sehemu kubwa ya somo. Kompyuta iliyopo itumike kuthibitisha utabiri, kundi kwa kundi.

Anayetamani mashindano aanze na Python mpaka aimudu orodha, mizunguko na funksheni, kisha ahamie C++ mapema. Ugumu wa C++ utakuwa umebaki wa lugha tu, kwa kuwa wa kufikiri ameshauonja.

Anayejifunza peke yake ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, kwa sababu hana wa kumkatalia. Huyo achukue Python na Python Tutor, na kila programu aichoree jedwali kwenye karatasi kabla ya kuiendesha: safu wima moja kwa kila kigeu, mstari mmoja kwa kila mzunguko. Kisha abonyeze hatua kwa hatua akilinganisha. Penye tofauti ya kwanza kati ya jedwali lake na skrini asimame, asirekebishe kitu mpaka aweze kusema kwa sentensi moja alidhani mstari ule unafanya nini.